Bwawa letu la kambini: tunang'oa magugu maji, mvua ikinyesha yanarudi yote

Kijana wa Kambini

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, hasa nyie wa Tanga na wale mnaojua mambo ya maji.

Huku kwetu, nje kidogo ya jiji njia ya kwenda Pongwe, kuna bwawa la zamani la enzi za shamba la mkonge. Korona, ile mashine ya kutoa nyuzi za mkonge, ilishakufa, zimebaki kuta na mabomba yenye kutu, lakini bwawa lipo. Wazee wanasema walikuwa wanavua perege na kambare humo. Sasa hivi ukisimama kwenye tuta unaona kijani mwanzo mwisho na maua ya zambarau juu yake, mgeni anaweza kudhani ni shamba la mtu. Mbuzi wa jirani alidhani hivyo hivyo, akatolewa kwa kamba.

Tumejikusanya vijana wa mtaa, kina mama wa kikoba na mwalimu mmoja mstaafu. Ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ya usafi, badala ya kufagia barabarani tunashuka bwawani. Tunang'oa kwa mikono na reki, tunarundika ukingoni, maji yanaonekana, watu wanapiga picha, tunaondoka. Tukirudi mwezi unaofuata yamefunga tena. Masika ya mwaka huu ndiyo yalitukata maini kabisa.

Pembeni kuna mtaro unaoleta maji ya mtaa mzima. Juu yake vijana wanaosha bodaboda na bajaji. Pampasi na chupa ndio usiseme. Kwenye tope tumefukua mifuko ya rambo, iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019, na chini yake viroba vya pombe, ambavyo navyo vilikatazwa 2017. Maandishi bado yanasomeka.

Sasa kuna jamaa wa duka la pembejeo anatushauri tupige dawa ya kuua magugu kwa bomba la mgongoni, anasema siku chache tu kwisha habari. Nusu ya kundi wanaitaka. Wengine wanasema tutafute tingatinga lichimbe tope lote. Na watu wameanza kupungua. Naomba ushauri wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hii kwa mikono yake.

Boda wa Chuda

Posho ipo? Natania mkuu, hongereni sana. Ila hao wanaoosha pikipiki msiwafukuze hivi hivi, na wao wanakula pale. Watafutieni sehemu nyingine yenye bomba. Mkiwafukuza tu, wataosha usiku na hamtawaona.

Msema Kweli Makorora

Dawa mkuu, msijitese. Shambani napiga asubuhi, baada ya siku kadhaa majani yote makavu. Magugu ni magugu tu, yawe shambani yawe majini.

Mama Ukindu

Njema mwanangu. Mimi ni msusi wa mikeka, niko upande wa Muheza, na sisi tunalo bwawa la namna hiyo hiyo, nalo la mkonge. Tuliingia humo kwa sababu ya ukindu, tusidanganyane. Mikindu inapenda kusimama penye unyevu, na pembeni ya lile bwawa ndipo walipokuwa wakikata mama zetu. Lilipojaa tope ng'ombe wakapata njia ya kupita hadi kwenye mikindu, wakawa wanakula machipukizi. Ukindu ukawa wa kununua sokoni. Hapo ndipo kina mama tulipoamka.

Nianze na dawa. Huyo ndugu wa Makorora kwa shambani kwake yuko sawa. Majini ni jambo jingine. Magugu yakifa yote kwa mpigo yanazama na kuoza, na kule kuoza kunamaliza hewa iliyomo kwenye maji. Mtaamka mkute perege wachache waliobaki matumbo juu, na harufu itafika hadi barabara kuu. Halafu kuna mbegu. Lile ua la zambarau likishanyauka kikonyo chake kinainama, mbegu zinaangukia majini na kutua kwenye tope, na zinaweza kukaa humo hata miaka 20 zikisubiri jua. Dawa mtakayopiga juu haizifikii. Na tena hiyo ni sumu mnayoimwaga kwenye maji ya watu na mifugo bila ruhusa ya mtu yeyote. Siku ng'ombe wa mtu akifa, aliyebeba bomba mgongoni ndiye atakayetafutwa. Muuza dawa atakuwa dukani kwake.

Ugonjwa wenu uko mtaroni. Magugu maji hayana haja na udongo, yanaishi kwa kile kilichoyeyuka ndani ya maji: sabuni, mbolea, samadi, na vyoo. Nalisema hili la vyoo kwa sababu watu hawapendi kulitamka. Mvua kubwa ikianza kuna nyumba huko juu zinatapisha vyoo, na mnazijua. Ndiyo maana masika yamewafunga. Yakipewa maji yenye shibe hiyo, mmea mmoja unatoa mtoto pembeni, mtoto anatoa wake, na eneo lililofunikwa linaweza kuongezeka mara mbili ndani ya wiki mbili hivi. Nyinyi mnakuja mara moja kwa mwezi. Piga hesabu: leo mmebakiza robo ya bwawa, baada ya wiki mbili ni nusu, mwezi ukiisha ni bwawa zima. Hapo hamna uvivu wa mtu, ni hesabu tu inawashinda.

Sisi tulihamia mtaroni. Kabla maji hayajaingia bwawani tulichimba shimo, kina cha kiuno, pana kiasi, tukalipanga mawe pembeni. Maji yakifika pale yanapunguza mbio, mchanga unatua. Juu ya shimo tukaweka chekecheke la nondo, fundi mageti alituchomelea kwa bei ya kindugu, hapo ndipo pampasi na chupa zinakwama. Kisha maji yanapita polepole kwenye matete na mafunjo tuliyohamisha mizizi yake kutoka bondeni. Matete yanaila ile shibe kabla magugu hayajaifikia. Lakini yakatwe! Yakiachwa yakazeeka na kuoza pale pale, yote yaliyokula yanarudi majini. Yetu wanachukua watu wa kujengea uzio na mabanda ya kuku. Na shimo lichotwe kabla ya masika na kabla ya vuli. Kuna mtaa mmoja walichimba shimo zuri kuliko letu, hawakulichota, sasa ni tuta la mchanga na rundo la chupa juu yake.

Kwenye kung'oa, nyinyi ni watu wa mwambao, tumieni upepo. Haya magugu yanaelea, hayajashika ardhi. Kusi likivuma yanajikusanya upande wa kaskazini wa bwawa, kaskazi likiingia mwisho wa mwaka yanahama kurudi kusini. Sasa kwa nini uyafuate katikati wakati upepo unakuletea ukingoni? Funga madumu matupu ya lita 20, vifuniko vimekazwa, kwenye kamba ndefu. Kundi moja lishike huku, jingine kule, mnavuta kama juya hadi ukingoni. Mkishasafisha upande mmoja, ileile kamba ya madumu inabaki imekatisha, magugu ya upande wa pili yasivuke. Mnaendelea kusogeza kamba. Iwe ya nailoni. Najua tuko Tanga na mkonge ndio uliotupa jina, ila kamba ya mkonge ikikaa majini inaoza, itawakatikia siku ya pili mkiwa katikati ya kazi.

Na baada ya hapo kazi inabaki ya watu wawili watatu kila wiki kupita kuokota vichanga vilivyopenya. Haina picha hiyo, haina ngoma, lakini ndiyo inayolinda bwawa.

Rundo msiliache ukingoni. Mvua ya kwanza inalirudisha. Lipelekwe juu, lianikwe hadi likauke, kwa sababu likiwa bichi karibu lote ni maji na mtavunjika viuno bure kulibeba mbali. Likishakauka changanyeni na samadi mpate mboji. Mboji hiyo iwe ya miti. Kwenye mchicha nisingeitia, maana haya magugu yanafyonza na madini mabaya ya betri na taka za gereji zinazokuja na mtaro.

Sasa la afya, nalo nisomeeni vizuri. Pindua mmea mmoja ukiwa na glovu. Chini utaona mizizi myeusi yenye nywele nyingi, inachuruzika tope, na ndani ya zile nywele kuna vikonokono vya rangi ya kahawia, vingine havifiki ukucha wa kidole cha mwisho. Miongoni mwa hao wamo wa kichocho. Si kila mmoja anacho, lakini kwa macho huwezi kuwachagua. Vijidudu vinatoka kwa konokono na kuogelea vikitafuta mtu, vingi jua likiwa kali kuelekea adhuhuri, na vinapenya ngozi nzima isiyo na hata mkwaruzo. Huku pwani ni kile cha mkojo. Kwa hiyo ingieni asubuhi na mapema, saa tatu mwisho mmeshatoka. Gambuti na glovu ndefu kwa anayeingia, asiye nazo abaki juu kuvuta kamba. Watoto marufuku kabisa. Na anayeona damu kwenye mkojo aende kituo cha afya, dawa ipo, praziquantel, wanapima uzito wanakupa vidonge vyako unameza. Kijana asifichwe kwa aibu.

La tingatinga nawaachia mafundi.

Fundi Pampu Mstaafu

Bi Ukindu kamaliza, mimi niokote hilo la tingatinga kwa sababu nimekula mshahara wa pampu za mkonge miaka mingi.

Wadogo zangu, msilete tingatinga. Tanga hii imekaa juu ya mawe ya chokaa. Mapango ya Amboni ni nini? Ni maji yaliyokula chokaa taratibu hadi yakaacha nyumba chini ya ardhi. Bwawa la juu ya chokaa linashikilia maji kwa sababu chini kuna mfinyanzi uliojikandika. Dereva wa tingatinga analipwa kwa saa, hajui mfinyanzi unaishia wapi. Akiutoboa, mtapata shimo zuri kubwa na maji yatakwenda zake. Kinachotakiwa kutoka ni lile tope jeusi laini la juu tu, ambalo kwenye mabwawa yetu ni mchanganyiko wa majani yaliyooza na mabaki ya korona ya zamani. Msisahau kwamba kwenye jani la mkonge nyuzi ni kama asilimia 4 tu ya uzito, kilichobaki chote korona ilikuwa inakitema na maji mabondeni. Litoeni Januari au Februari, maji yakiwa yamepungua, kwa majembe na mikokoteni. Mkikuta udongo unaonata unaoweza kufinyanga chungu, simameni hapo.

Pili, tuta. Mtu yeyote asiwashauri kupanda miti juu ya tuta. Mizizi inapenya, mti ukifa mizizi inaoza inaacha tundu, maji yanapata bomba la bure. Tuta ni la nyasi fupi. Na ule mfereji wa pembeni wa kutolea maji yanapozidi, wenzetu wa maji wanauita utoro, uchunguzeni leo kabla ya kesho. Nina hakika umeziba, maana kwenye mabwawa yaliyoachwa huo ndio wa kwanza kuziba. Magugu yakijibana pale siku ya mvua kubwa, maji yatapanda yapite juu ya tuta. Tuta la udongo likishapitiwa juu linalika kuanzia upande wa nyuma, na usiku mmoja unatosha. Kama chini kuna nyumba za watu, hii ndiyo kazi namba moja, hata kabla ya magugu.

Tatu, karatasi. Andikeni barua kupitia serikali ya mtaa kwenda Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, mito yetu ya Zigi na Mkulumuzi iko chini yao. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, maji ni mali ya umma, hata kama ardhi ya shamba ina hati ya mtu, na wananchi mnaruhusiwa kuunda jumuiya ya watumia maji mkasajiliwa. Mkiwa na usajili hata huyo mwenye hati mtaongea naye mkiwa mmekaa. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa.

Msema Kweli Makorora

Kwa hoja ya samaki na ng'ombe nimeelewa, nimeondoa dawa. Ila swali, hivi hakuna wadudu wanaokula haya magugu? Niliwahi kusikia Ziwa Victoria walitumia.

Fundi Pampu Mstaafu

Wapo, mbawakavu wadogo. Kituo cha utafiti cha Kibaha kilikuwa kinawafuga miaka ya 1990 kwa ajili ya Ziwa Victoria. Wanatafuna jani na mabuu yao yanatoboa kikonyo, mmea unadhoofika na kuzama taratibu. Lakini hiyo ni kazi ya miaka, tena ya wataalamu, na bwawa mnalolisafisha kila mwezi mnawatoa wadudu pamoja na chakula chao. Kwa ukubwa wa bwawa la mtaa, kamba na madumu yatawahi.

Kijana wa Kambini

Shikamoo mama, shikamoo mzee. Nimechapisha majibu yenu nimempelekea mwenyekiti wa mtaa. Utoro tumekwenda kuuangalia leo jioni, mzee umesema kweli, umeota mpaka mipapai.

Nina mengine. Hizo mita 60, kuna kina mama watatu wanalima mchicha na matembele ukingoni, wanamwagilia hapo hapo. Je, tuwatoe? Pia kuna mkuyu mkubwa upande wa mashariki umefungwa vitambaa vyeupe na vyekundu, watu wanaacha marashi na sarafu. Baadhi yetu wanataka ukatwe, wanasema ni ushirikina unafukuza watu. Na kuna taasisi imejitolea kutupa miche ya mikaratusi na fulana. Tupokee?

Boda wa Chuda

Fulana pokeeni.

Mama Ukindu

Marahaba mwanangu. Boda kajibu la fulana, mimi nijibu la miche. Huku kwetu walikuja watu, siwataji, na bango refu kuliko bwawa. Wakapanda mikaratusi ukingoni, wakapiga picha, wakaondoka kabla ya adhuhuri. Mkaratusi unakunywa maji kuliko mti wowote ninaoujua mimi. Waambieni kwa adabu: fulana ahsante, miche tunaomba ya mikuyu, mitomondo na mikindu. Wakisema hawana, basi watoe gambuti. Taasisi haipendi kutoa gambuti kwa sababu haipendezi kwenye picha, lakini ombeni.

Mkuyu usiguswe. Nenda kaangalie ukingo wa upande ule halafu wa upande wa pili. Nakuhakikishia upande wa mkuyu haujamomonyoka, mizizi yake imeshika. Huo mti umebaki kwa sababu watu waliuogopa. Mwenye tambiko lake muombe tu asiache chupa za marashi chini, azichukue arudi nazo. Hata Amboni watu wanaingia mapangoni na vyao, na mapango yapo.

Kina mama wa mchicha msiende kwao na sheria mkononi. Hao wako pale alfajiri na jioni kila siku, ndio watakaowaambia nani kamwaga nini. Wahamishwe juu kidogo, wapate eneo, wachimbiwe kisima kifupi au wawekewe pampu ya miguu, na ukanda wa chini ubaki wa majani na mikindu. Shida yao kubwa ni mbolea ya chumvichumvi, mvua ikinyesha inateremka moja kwa moja bwawani. Sisi tuliwabadilishia kwa samadi, ikachukua muda, kuna mmoja alituita majina yote, sasa ni mweka hazina wetu.

Kuhusu watu kupungua. Watapungua tu kama mnawaita kwa ajili ya bwawa. Mtu anakuja kwa sababu ya kitu chake kilichomo. Mimi ni ukindu. Mwenye kuku anataka matete. Wavuvi wa ndoano wanataka perege, hao waahidini lakini msipande vifaranga sasa hivi, subirini hadi maji yawe wazi na masika moja yapite bila kufunga, la sivyo mnatupa pesa. Waosha pikipiki wapeni kazi ya kuchota shimo la mtaro kwa malipo kidogo kutoka kwenye mboji, mchanga wake nao unauzika kwa mafundi ujenzi. Kila kundi likijua lake, hamtahitaji kupiga honi mitaani.

Mikindu ipandeni masika yakianza, kwa machipukizi yanayotoka kwenye shina la mama, yenye mizizi yake. Zungushieni miiba mwaka wa kwanza, mbuzi wanaipenda kuliko sisi. Ikikua, ukindu unakatwa kwenye kuti changa ambalo halijafunguka, na unakata moja unaacha moja. Mwenye tamaa anayechukua kila kinachochomoza atadumaza mkindu, na ukili wake, ule mkanda wa kushonea mkeka, utakuwa mfupi wa kuunga unga.

Machipukizi tunayo ya kuwagawia. Nitumie ujumbe wa ndani tupange siku, ila usafiri ni wenu. Msije kwa basi, konda atatoza mzigo kuliko thamani ya miche. Njooni na kirikuu, na turubai la kufunikia mizizi isipigwe jua.